Nilivyompigia ngoma mwanamke mmoja mwenye watu saba

Nianze na yule bwana aliyenishauri nirekodi muziki wote kwenye kompyuta. "Mchezo wa mtu mmoja, mpiga ngoma wa nini? Bonyeza, kaa, kunywa kahawa." Na mimi, niliyepiga dansi Temeke miaka tisa, nikamsikiliza.

Mchezo wenyewe ni wa jirani yangu hapa Chicago. Wazazi wake walitoka kisiwa cha Puerto Rico, yeye kazaliwa Humboldt Park, jirani na zile bendera mbili za Puerto Rico za chuma zilizosimikwa juu ya barabara ya Division mwaka 1995. Yuko peke yake jukwaani, saa nzima na ushei, anaigiza na kuimba watu saba: babu, shangazi mwenye saluni, karani wa sensa na wengineo. Babu ndiye anayenimaliza. Wapuerto Rico ni raia wa Marekani tangu 1917, lakini mzee akifungua tu mdomo anaulizwa karatasi. Mjukuu naye akienda kisiwani anaitwa gringa, yaani Mmarekani wa kuja, kwa Kihispania chake cha kuokoteza. Mke wangu aliposikia nimekubali kazi hiyo alicheka: "Baba watoto, wewe na Kihispania wapi na wapi?" Sikumjibu. Binti yetu mdogo husema "nataka chakula mingi", kwa hiyo kisa nilikielewa kabla ya lugha.

Basi jaribio la kwanza, mbele ya watu kama arobaini wa mtaani. Karani wa sensa anaingia na fomu. Swali moja: wewe ni Mlatino au siye? Swali jingine: wewe ni wa rangi gani? Shangazi anajibu, "Inategemea nimetoka ufukweni lini." Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Sasa kicheko hatukukirekodi. Yeye akasubiri, kompyuta haikusubiri. Watu walipotulia muziki ulikuwa umeshafika kwenye kiitikio, akaukimbiza, hakuupata, na babu wa watu akajikuta anamlilia marehemu mkewe juu ya mdundo wa kuchekesha wa karani. Nikabonyeza ili nizime. Nikakosea kitufe, ikaanza upya ngoma ya saluni. Akageuka akanitazama. Ningeambiwa nichague kati ya jicho lile na mbwa wa polisi, ningemwendea mbwa.

Tukarudi kwenye ngoma halisi, nami nikakosea mara ya pili, kwa majivuno safari hii. Nikampigia clave, yale mapigo matano. Nayajua tangu ujana: yalikuja Kongo na santuri za Kikuba za mfululizo wa GV miaka ya 1930, yakateremka mpaka kwetu. Nilijiona nimefika nyumbani. Akanyoosha mkono: "Hiyo ni Kuba. Kwenye salsa sawa, hapa tunapiga bomba, ngoma ya Puerto Rico." Ni sawa na kumpigia Mmakonde mganda ukangoja acheze sindimba. Mimi huyo huyo ninayenuna nikiambiwa napiga "muziki wa Kiafrika"!

Akanifundisha. Bomba ina ngoma za mapipa. Moja, buleador, hushika mdundo. Nyingine, subidor, haina mamlaka, inamfuata mchezaji. Akitupa bega unajibu, akikata sketi unakata. Mbili zote nilizipiga mwenyewe, mkono huku mkono kule (wenye bomba yao wasinisikie). Hapo ndipo nikapata akili: niache kuhesabu, nifuate miguu.

Ila miguu sikuiona. Nilikaa pembeni, kiti cha saluni kimeniziba. Nikanunua kioo cha mlango wa kabati kwenye duka la mitumba, dola kumi hivi, labda kumi na tano ukiweka na basi, nikakiegemeza chini kwenye spika. Visigino vya viatu vyake nikavibandika utepe mweupe, wa kitambaa, maana wa plastiki unateleza na angeanguka. Taa zikififia, naona visigino viwili tu vinatembea gizani. Nikagundua kila mtu wake ana mguu wake! Babu anaburuta wa kushoto. Shangazi anasimamia vidole. Karani anagonga mara mbili, nami nachukua pandereta, kigoma cha mkononi, na kuanzisha plena, muziki mwingine wa Puerto Rico, unaomfaa hasa kwa kuwa wenyewe huuita gazeti linaloimbwa. Watu wakicheka, nashikilia buleador mpaka mguu usogee. Hata dakika nzima, wacheke tu.

Onyesho la tatu, karibu na mwisho, anakuja yule mtu wa saba, ambaye ni yeye mwenyewe. Bila kuniambia akavua viatu. Utepe ukatoweka kiooni. Mikono yangu ikaganda hewani, naye akaimba beti zote za mwisho bila ngoma, watu kimya. Nikajua nimeharibu tena. Nyuma ya pazia akaniambia, "Kesho acha vilevile."

Malipo? Bahasha nyembamba, na pasteles kumi na mbili zilizofungwa kwenye majani ya mgomba. Mke wangu alikula tano, na habari ya Kihispania hajauliza tena.