Fimbo mbili, kazi moja

Kila mpira uliponiachia mita 170 hivi kufika kwenye bendera ya shimo pale Lugalo, uwanja wa gofu wa Dar, nilikuwa nimekwisha. Chuma namba 3 (fimbo ya kichwa chembamba) kilichimba udongo, wudi namba 3 (fimbo ya kichwa kinene, ya kupiga mbali) ikapitiliza.

"Bosi, hizi mbili si ni mtu na pacha wake?" kedi, mbebaji wa fimbo zangu, akaniuliza, kashika wudi namba 5 na haibridi namba 3, mseto wa wudi na chuma. Nikasoma nyuzi chini ya vichwa, yaani mlalo wa uso wa fimbo unaoamua mpira upae na kwenda mbali kiasi gani: 18 na 19. Sheria inaruhusu fimbo 14 tu, nami nabeba mapacha! (Namba ya fimbo, kama 3 au 5, isikudanganye, kila kiwanda kina yake. Soma nyuzi.)

Jumamosi alfajiri, kabla jua la Dar halijawa kali, nilipiga mipira kumi kwa kila fimbo, nikapima umbali kwa hatua, bila kuhesabu mapigo yaliyotoka vizuri kupita kawaida wala yale mabovu. Haibridi namba 3 ikatoka, pamoja na chuma namba 3 na 4. Nikabaki na wudi ya nyuzi 15, ya 18, kisha haibridi ya 22. Vyuma vinaanzia namba 5.

Zile mita 170 sasa ni za haibridi, hata kwenye majani marefu. Chuma namba 3 kiko uvunguni.