Nilivyopata intaneti ya uhakika nyumbani Goba bila kusubiri faiba

Ushauri niliopewa nilipokuwa natafuta intaneti ya nyumbani ulikuwa mbovu kiasi cha kuniudhi, na hadi leo nasikia watu wakipewa ushauri uleule: tazama vijiti vya mtandao kwenye simu yako, vikijaa nunua ruta, visipojaa nunua kifaa cha kuongeza mawimbi. Vijiti hivyo havimwambii mwenye nyumba jambo analohitaji kulijua, na fedha nyingi zinateketea kwa sababu hiyo.

Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo. Wateja wangu wengi wako Dodoma, na michoro ninayowatumia ni mafaili makubwa, kwa hiyo kwangu kasi ya kutuma ni muhimu kuliko kasi ya kupokea. Nyumba iko Goba, Dar es Salaam, kwenye mteremko, faiba imeishia barabara ya lami, na gharama niliyotajiwa ya kuvuta waya hadi kwangu ingetosha kupiga lipu vyumba viwili au vitatu. Nikachukua kwa wakala ruta ya 5G, ile inayopata intaneti kutoka mnara wa simu, nikalipia kifurushi cha mwezi, nikaiweka sebuleni kama nilivyoelekezwa. Asubuhi ilikwenda vizuri. Ikifika saa mbili usiku, mchoro mmoja ulichukua muda wa kupika na kula chakula cha jioni, na mara nyingine ulikatikia njiani.

Teknolojia yenyewe haina kasoro, na napenda hilo lieleweke. Nchini Marekani, kampuni ya simu ya Verizon ilianza kuuza intaneti ya nyumbani ya 5G mwaka 2018, T-Mobile ikafuata mwaka 2021, na mwishoni mwa 2023 T-Mobile peke yake ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 4 wa huduma hiyo. India, kampuni ya Jio ilizindua AirFiber mwezi Septemba 2023. Ericsson, kampuni inayotengeneza mitambo ya minara ya simu, ilikadiria kwamba dunia nzima ilikuwa na laini za intaneti ya namna hii, za 4G na 5G kwa pamoja, zipatazo milioni 130 mwishoni mwa 2023, na kwamba zingefika milioni 330 mwaka 2029. Hapa kwetu Vodacom ilizindua 5G mwaka 2022, na mwezi Oktoba mwaka huohuo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ikafanya mnada wa masafa, yakiwamo ya megahezi 2600 na 3500. Sababu ya kukua haraka hivyo ni nyepesi: mnara umeshasimama, hakuna mtaro wa kuchimba, na kampuni inauza nafasi ambayo simu za mkononi hazijaitumia. Lakini nafasi hiyo ina kikomo. T-Mobile huuza huduma hiyo mahali ambapo mnara una nafasi ya ziada tu. Wakala wangu hakuniuliza hata nakaa upande gani wa mlima.

Nilipolalamika, nililetewa fundi. Alipanda juu ya nyumba, akafunga antena kwenye bomba, akashusha waya hadi sebuleni, akatundika karibu na dari kisanduku chenye taa za kijani, ndicho kifaa cha kuongeza mawimbi. Kisha akachukua simu yangu na kunionyesha kwa furaha: "Kaka, umeona? Vijiti vimejaa vyote." Ni kweli vilikuwa vimejaa. Nikamwomba asubiri nitume mchoro, na mchoro ukaenda taratibu kuliko jana yake. Akasema tatizo ni kompyuta. Nikatuma kwa simu, mambo yakawa yaleyale. Akasema mtandao "unajizoesha", akakunja ngazi yake na kuondoka na malipo yake, nami nikakaa na kisanduku kilichopandisha kila kitu kwa pamoja, mawimbi ninayoyataka na kelele nisiyoitaka. Zaidi ya hayo, vifaa vya mawasiliano vinatakiwa viwe vimethibitishwa na TCRA, na hicho kisanduku hakikuwa na alama yoyote ya kuthibitishwa. Nilikishusha kabla hakijawasumbua majirani.

Aliyenifungua macho ni shemeji yangu anayeishi Muscat, ambako intaneti ya nyumbani ya 5G ni jambo la kawaida. Aliniambia niingie kwenye ukurasa wa ruta na nisome namba mbili. Ya kwanza huandikwa RSRP, nayo ni nguvu ya mawimbi yanayokufikia. Iko kwenye hasi, na -80 ni bora kuliko -110. Ya pili ni SINR, nayo inaeleza jinsi mawimbi unayoyahitaji yanavyozidi kelele ya minara mingine. Ikizidi 20 uko vizuri sana. Ikikaribia sifuri, hata vijiti vikijaa utateseka. Sebuleni kwangu RSRP ilikuwa nzuri, lakini SINR usiku ilikuwa inacheza kwenye 4 na 5. Zaidi ya hapo, vijiti vinapima unavyousikia mnara, havipimi mnara unavyokusikia wewe. Mnara hutuma kwa makumi ya wati, ruta hutuma kwa takriban sehemu ya tano ya wati moja, na katika masafa ya 3500 kutuma na kupokea hupokezana zamu huku kupokea kukipewa sehemu kubwa ya muda. Anayetuma mafaili makubwa ndiye anayeumia kwanza.

Nilichapisha ramani ya nyumba yangu mwenyewe, ileile niliyoichora wakati wa kujenga, nikazunguka na ruta ikiwa kwenye waya mrefu wa umeme, nikiandika SINR kwa kalamu katika kila kona, asubuhi kwa wino wa bluu na usiku kwa wino mwekundu. Namba za usiku ndizo za kuzingatia. Ramani ilisema mambo ambayo macho hayakuyaona. Kwenye dirisha la stoo, kioo cheusi cha aluminiamu kikiwa kimefungwa nilisoma 9. Nilipokisogeza kwa mkono ikapanda hadi 16 palepale. Vioo vingi vya namna hiyo huwa na utando wa metali unaozuia mawimbi, na sisi wachoraji tunavipendekeza kila siku kwa ajili ya joto.

Dirisha hilo halitazami mnara ulio karibu, ule ambao kila mtu alinihimiza niuelekee. Linatazama ng'ambo ya bonde, upande wa Salasala, kwenye mnara ulio mbali zaidi lakini usiozongwa na watu wengi. Nilipofungia ruta kwenye mnara huo katika mipangilio, ili isirukeruke, kutuma kwa usiku kukawa kwa mara ya kwanza jambo la kutegemewa.

Sikuishia hapo. Niliagiza kifaa cha nje, kile cheupe kinachopokea umeme na intaneti kupitia waya mmoja, kwa bei ya simu ya wastani. Fundi mwingine alisisitiza kikae juu kabisa ya mnara wa simtanki. Nilimkubalia nipime kwanza, na namba ikawa mbaya kuliko ya stoo, kwa sababu kule juu kifaa kinasikia minara yote ya bonde kwa wakati mmoja. Nikashuka nacho polepole kwenye nguzo, upande wa Salasala, hadi tanki lenyewe likawa katikati ya kifaa na ule mnara wa simu ulio karibu. Namba ikapanda hadi 19, ikatulia. Maji hunyonya sana mawimbi ya masafa haya, na tanki la lita elfu mbili lililojaa ni ukuta mnene dhidi ya kelele inayotoka nyuma. Nilithibitisha hilo wakati wa mgawo wa maji: tanki lilipokauka, SINR ilishuka hadi 13, na maji yaliporudi ikapanda tena. Ndiyo maana nimekifunga usawa wa theluthi ya chini ya tanki, ambako maji hukaa karibu muda wote. Ninajivunia kifaa hicho kuliko mchoro wowote niliouchora mwaka ule.

Waya wa kushuka uwe wa shaba halisi; zile za bei ya chini zenye aluminiamu iliyopakwa shaba zinapoteza umeme njiani, na kifaa kinajizima jua linapokuwa kali. Mwenye kamera za ulinzi anazotaka kuzitazama akiwa safarini aulize mapema, kwa sababu laini hizi kwa kawaida hazina anwani ya pekee kwenye intaneti ya kuzifikia kutoka nje moja kwa moja, na atahitaji kamera zinazopitia programu ya mtengenezaji. Kwa kukatika kwa umeme nimeweka betri ndogo ya volti 12 inayolisha ruta ya ndani na kifaa cha nje kwa pamoja, na hadi sasa haijawahi kuisha kabla umeme haujarudi.