Siku moja maishani mwangu: hedi kwanza, pistoni baadaye

Saa 12:30 asubuhi. Nikifungua gereji hapa Magomeni, Mtwara, sianzi na chai. Naanza kupapasa silinda mpya nilizozipaka oili jana jioni. Huku kwetu ukiacha chuma cha kusubu kikavu usiku mmoja, upepo wa chumvi unakipaka kutu kabla ya jogoo. Ziko salama. Sasa chai.

Saa 1:30. Juu ya meza kuna injini ya Volkswagen ya mwaka 1971, ile ya mgongo wa kobe, injini ya 1600 (takribani sentimita za ujazo 1600) inayopozwa kwa upepo. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, na gari hili ndilo linalompeleka shambani kwake upande wa Masasi msimu wa korosho. Gari za aina hii ziliendelea kuundwa Mexico hadi 2003, mwaka uleule Daraja la Mkapa lilipofunguliwa pale Rufiji, kwa hiyo spea bado zipo. Zipo, ila zinatoka kwa watengenezaji wengi, na kila mmoja ana kipimo chake.

Mzee alinunua Kariakoo seti ya pistoni na silinda zake za milimita 85.5 kwa ndani, kipimo ilichotoka nacho kiwandani. Mwanawe aliye nje akamtumia hedi mbili mpya (vile vifuniko vya juu ya silinda) zisizo za kiwandani. Karatasi imeandikwa "za 1600". Tuliridhika wote, mimi nikiwa wa kwanza, na hapo ndipo nilipokosea.

Saa 2:15. Kijana wangu anaisimamisha silinda kwenye tundu la hedi, kujaribu tu.

"Fundi, hii inacheza."

"Umeisafisha vizuri?"

"Njoo uone mwenyewe."

Nikaenda. Silinda inayumba kama jino la mtoto. Naweka venia, kile kipimo cha kupimia vipenyo: tundu la hedi linasoma milimita 98, silinda yetu kwa nje haizidi 94. Hedi zimechongwa kwa ajili ya silinda za 90.5 au 92 kwa ndani. Karatasi haikudanganya moja kwa moja, maana hedi hizi kweli hufungwa kwenye injini ya 1600. Haikusema tu kwamba injini yenyewe iwe imepanuliwa. Ukifunga hivi, silinda haina pa kukaa, moto utapenya pembeni na hedi itaungua.

Saa 4. Mzee amefika na baraghashia yake, kabla sijamaliza kutafuta maneno.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimeambiwa mmekwama."

Nikampa silinda mkononi, nikamwacha aitikise mwenyewe. Akatikisa mara mbili.

"Kwa hiyo mwanangu kauziwa hedi mbovu?"

"Hedi ni nzima mzee, na pistoni zako ni nzima. Tatizo hazijuani."

Kuzirudisha hedi ng'ambo ni gharama ya pili ya kusafirisha, na mwanawe hataki hata kusikia. Njia iliyobaki ni kutafuta pistoni zinazofuata hedi. Mzee akauliza swali ambalo wote huuliza: kama tundu linapokea 90.5 na 92, si tuchukue kubwa? Nikamwambia hapana, na hapa siko tayari kubishana. Silinda ya 92 inakaa kwenye tundu lilelile, kwa hiyo ukubwa wa ndani umepatikana kwa kupunguza unene wa ukuta. Ukuta mwembamba unapinda ukipata joto, ringi zinaacha kubana, injini inaanza kula oili. Kwa gari linalopandisha vilima na magunia ya korosho nyuma, 90.5.

Saa 5. Kazi ninayoipenda kuliko zote. Nalaza hedi tumbo juu, vali na plagi zikiwa mahali pake, napaka grisi nyembamba ukingoni mwa chemba, pale mafuta yanapochomekea, nafunika kwa kipande cha plastiki angavu chenye tundu dogo. Kisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, najaza spiriti taratibu mpaka kiputo cha mwisho kitoke. Mililita 52. Chemba ya pili 52. Ya tatu 51 na nusu, ya nne 52. Zimetengenezwa vizuri hizi hedi, lazima niseme.

Mzee amevuta kigoda. Alifundisha hesabu, kwa hiyo nampa kalamu.

Pistoni ya 85.5 ikisafiri milimita 69 inafagia sentimita za ujazo 396. Nafasi ya milimita 1.5 kati ya kichwa cha pistoni na ukingo wa silinda inaongeza kama 8.6. Jumlisha na chemba, halafu gawanya kwa kile kinachobaki pistoni ikiwa juu kabisa: mgandamizo, yaani mara ngapi hewa inabanwa, unatoka 7.5 kwa 1, kama wa kiwandani. Sasa weka 90.5 kwenye hedi ileile. Inafagia 444. Chemba haijaguswa, nafasi ni ileile 1.5, lakini jibu ni 8.2.

"Sijagusa hedi, imepandaje?" akauliza, kisha akajijibu kabla yangu: "Ah. Kinachobanwa ni kingi zaidi, chumba ni kilekile."

Nikamwonyesha pia kwamba ukiishusha ile nafasi hadi milimita 1, unafika 8.6. Kuna mafundi watakaokusifia nguvu hiyo. Mimi naogopa joto la mwezi wa kumi na moja, injini inapoanza kugonga mlimani. Tutabaki kwenye 1.5, na ikibidi nitaweka shimu, pete nyembamba ya kuinulia, chini ya silinda.

Saa 8. Ugali wa muhogo na pweza. Mzee kakataa kula, kaendelea na kalamu.

Saa 9. Bloku lazima ipanuliwe ili ipokee silinda za 90.5, na kwa kazi hiyo sitaki mashine ya kubahatisha. Nimempigia fundi mashine ninayemwamini Dar. Kijana ameitenganisha bloku na kutoa krenki na koni rodi, ile mikono inayoshika pistoni. Zitabaki hapa, maana pini ya kushikia pistoni za 90.5 ni milimita 22 kama ya zamani. Nusu mbili za bloku zimefungwa pamoja kwenye gunia la korosho, litapanda basi la alfajiri.

Pistoni zikija nitazipeleka kwa sonara kwanza. Ameshanizoea, anazipima zote nne kwenye mizani yake ya dhahabu. Zikipishana zaidi ya gramu 5, iliyo nzito naipunguza kwa ndani. Na mshale wa kichwani utazame flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa krenki. Nimeshawahi kumkuta fundi kaufunga kinyume.

Saa 11:30. Mzee anainuka, anakunja karatasi ya hesabu na kuitia mfukoni.

"Na hizi 85.5 zangu?"

"Ziache hapa mzee. Kuna mwenye 1600 Mikindani anatafuta, na hedi zake nishazipima."

Nimezipaka oili upya zote nne, ndani na nje, nikazifunga na gazeti. Kisha nikafunga mlango.