Sindano ilinichoma saa kumi usiku, nilivyovuka zile siku 28

Mi ni nesi, niko kituo cha afya kimoja upande wa ziwani huku Mwanza, kituo sikitaji. Usiku huo tulikuwa wawili tu, mimi na sista mmoja wa siku nyingi. Nilishona watu wawili, dogo wa bodaboda kaanguka kapasuka goti, na mvuvi ndoano ya sangara imemzama kiganjani mpaka ikabidi nichane kidogo kuitoa. Huyo mvuvi alikuwa anawahi boti ya kurudi kisiwani, hata dawa aliondoka nazo mkononi.

Sasa nakusanya trei zote mbili nilizorundika pamoja, glavu nshavua maana nilikuwa na haraka, nashika gozi yenye damu nikasikia chwii kwenye kidole. Sindano ya ganzi! Nimeiacha mwenyewe humo, sefti boksi, lile boksi la kutupia sindano, ilikuwa kona kule mlangoni nikasema ntaitupa baadae. Na ile ni ya tundu, inabeba damu kuliko ya kushonea.

Nikaanza kukamua kidole kama nakamua chunusi. Sista akanifokea, "Acha kukamua mwanangu, unaumiza nyama bure, nenda kwenye bomba na sabuni!" Nikaosha maji yanatiririka. Alafu nikamwambia naomba tunyamaze, asubuhi inchaji, mkuu wetu wa kituo, akijua ataniona mzembe. Jamani aibu inaweza kukuua! Sista hakunijibu kitu, alichukua simu akampigia inchaji maana funguo ya kabati la PEP, zile dawa za kuzuia ukimwi ukishachomwa, anayo yeye, akaja na bodaboda, na saa kumi na moja na nusu nshameza kidonge cha kwanza. Kwa mwongozo ukishapita masaa 72 hawakupi tena, ila ukiwahi ndani ya masaa mawili ndo bora zaidi. Hakunisema hata neno, alinipa fomu nijaze.

Asubuhi nikapimwa ukimwi, homa ya ini na figo. Dogo wa boda tulimpata kwa simu akakubali kupimwa, yuko safi. Mvuvi simu haikupatikana, kwahiyo ikabidi nimalize dozi yote ya siku 28.

Wiki ya kwanza kichefuchefu, na usiku silali, nimekodoa macho tu. Nikaomba nihamishe muda, badala ya kumeza usiku nikawa nameza asubuhi na uji, usingizi ukarudi. Kazi ilikuwa ile chupa ya dawa yenyewe, mtaani kwetu wanaijua ni ya dawa za ukimwi na ukitembea nayo inalia kama kayamba. Nikajaza pamba ndani. Mume wangu nilimwambia siku ileile, maana kondomu zingemshtua, akakaa kimya kama dakika tano akauliza "we umekula?" Basi yakaisha.

Ila kilichokuja kunitisha sio ukimwi. Daktari kaniuliza chanjo ya homa ya ini B umemaliza? Nilichoma mbili chuoni, ya tatu ya miezi sita nikaipotezea. Akanipigia hesabu: kwa sindano yenye damu ya mwenye virusi vya ukimwi na hukumeza dawa, wanaoambukizwa ni kama watu 3 kwenye 1000, homa ya ini B kwa asiye na kinga inaweza kufika hata 30 kwenye 100. Mi miaka yote naogopa kengine! Uzuri chanjo hauanzi upya, nikachomwa ile iliyobaki siku hiyohiyo.

Wiki ya sita nimepima niko salama, miezi mitatu tena salama, pale ndo nikalala kweli.

Siku hizi sefti boksi inakaa kwenye stuli pembeni yangu nikishona, mkono haufiki mbali, na sindano niliyotumia naitupa mwenyewe kabla sijashika kitu kingine, kifuniko sirudishii. Ikifika robo tatu naifunga. Wenzangu wananitania, "mke mwenza kafika", kisa naibeba kila mahali, poa tu.

Juzi naeleza haya kwenye kikao cha asubuhi, mama wa usafi kasimama na fagio lake akauliza, "Na sisi tunaobeba hayo mataka, chanjo yetu iko wapi?" Kila mtu kimya. Glavu nene kashapata. Jina lake nimeliandika juu kabisa kwenye orodha ya chanjo, niko na inchaji kila Jumatatu namuuliza.