Barafu Kavu, Koga na Boriti za Mji Mkongwe

Ami yangu, ambaye nyumba yake ya mawe imo ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, amenitumia video ya mafundi wa Marekani wakisafisha mbao za dari zilizojaa koga kwa mashine inayorusha barafu kavu, na ameniuliza kama inafaa mashine hiyo iletwe kwa ajili ya boriti za chumba chake cha juu. Nilimjibu kwa simu, lakini jibu lake ni refu kuliko mazungumzo ya simu, na kwa kuwa wenye nyumba wengi wa mjini wanasumbuliwa na koga ile ile kila masika yanapokwisha, nimeona ni vyema niliandike hapa kwa ukamilifu.

Barafu kavu haina maji ndani yake. Ni hewa ya kaboni dioksidi iliyogandishwa ikawa yabisi, yenye baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, na sifa yake kubwa ni kwamba haiyeyuki bali hugeuka hewa moja kwa moja. Kwa kazi ya usafi hutengenezwa punje ndogo za milimita 3 hivi, ambazo hurushwa kwa nguvu ya kompresa kupitia mdomo mwembamba. Punje inapogonga ubao, pigo lake hulegeza uchafu, baridi ya ghafla huufanya uchafu huo usinyae na kukatika, kisha punje yenyewe hugeuka hewa na kutanuka mara mamia kadhaa, ikiusukuma uchafu utoke pale uliposhikamana. Njia hii si ngeni, kwani kampuni ya ndege ya Lockheed ya Marekani ilipata hataza ya kusafisha kwa punje zinazogeuka hewa mwaka 1977.

Naelewa kwa nini ami amevutiwa. Boriti zetu ni miti ya mikoko, ya mviringo na isiyonyooka sawasawa, iliyopangwa kwa kukaribiana na kubebeshwa mawe na chokaa juu yake, na vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti haivuki salama upana unaozidi mita 3 au zaidi kidogo. Kuzisugua boriti kama hizo kwa brashi, moja baada ya moja, fundi akiwa juu ya ngazi, ni kazi ya kuchosha ambayo huacha koga katika kila pembe ambamo mti unakutana na jiwe. Kuziosha kwa maji ni kuirudishia koga chakula chake. Barafu kavu hufika pembeni, haimwagi maji, haiachi mchanga sakafuni, na kwa kuwa punje zake ni laini kuliko mchanga, mti mzima na mgumu huweza kusafishika bila kuchimbika. Kwa upande wa mti, basi, sifa inazopewa njia hii ni za kweli.

Ninachokiogopa ni hewa inayobaki. Kaboni dioksidi ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, haina rangi wala harufu, na nje ya nyumba kiwango chake ni kama sehemu 420 kwa milioni. Nchini Marekani kikomo cha mfanyakazi kwa siku ya kazi ya saa 8 ni sehemu 5,000, na sehemu 40,000 huhesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa maisha. Sasa tuchukue chumba chenye upana wa mita 3, urefu wa mita 6 na kimo cha mita 4, ambacho ujazo wake ni mita 72 za ujazo. Kilo moja ya barafu kavu hutoa zaidi ya nusu mita ya ujazo ya hewa, kwa hiyo kilo hiyo moja, madirisha yakiwa yamefungwa, hukifikisha chumba kwenye zaidi ya sehemu 7,000, na kilo 6 hukivusha kile kiwango cha hatari. Mashine inaweza kumaliza kilo moja au zaidi kwa dakika. Barakoa ya vumbi haimsaidii fundi hata kidogo, kwa sababu haichuji hewa hii. Anachohitaji ni feni kubwa za kutoa hewa nje, kipimo cha hewa kinacholia hatari inapokaribia, na mwenzake anayemwangalia kutoka mlangoni. Isitoshe, hewa hii hushuka. Katika nyumba za ghorofa itateremka kwa ngazi hadi vyumba vya chini, uani na ndani ya visima vya zamani, na kwa hiyo wakati wa kazi asibaki mtu chini, wala mtoto asiachwe amelala huko.

Jambo la pili ni kwamba barafu kavu huiondoa koga mahali ilipo lakini haiui yote, na upepo wa mashine hutawanya vijimbegu vyake chumba kizima. Hata koga iliyokufa humdhuru mwenye pumu au mzio. Ndiyo maana mafundi makini huziba chumba kwa karatasi za nailoni, huvuta hewa yake nje kupitia chujio la HEPA, yaani chujio linalonasa hata chembe ndogo mno, na baada ya kazi hufyonza kila sehemu kwa mashine yenye chujio la aina hiyo hiyo. Ami alipoiona video hakuyaona hayo, kwa kuwa sehemu inayopendeza kutazamwa ni ile ya ubao mweusi kugeuka mweupe.

Kisha kuna hali ya hewa ya kwetu, ambayo haifanani na ya nchi nyingi zinakotengenezwa mashine hizi. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80, kitu chochote chenye baridi chini ya nyuzi 24 hivi huanza kutoa jasho. Boriti iliyotoka kupigwa barafu kavu itakuwa na baridi kuliko hapo, italowa kwa maji ya hewani, na chumba kisipopitishwa upepo mkavu, koga itarudi kwenye mti uliosafishwa kwa gharama kubwa. Punje zenyewe huvuta ukungu na kugandamana ndani ya mashine. Kwa maoni yangu kazi hii isifanywe masika wala vuli.

Kuhusu kuta nina msimamo mkali zaidi. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, na lipu ya chokaa ya zamani ni laini. Punje zitaing'oa pamoja na koga, na ikishang'oka hairudi ilivyokuwa. Ukuta wa chokaa usafishwe kwa brashi, uachwe ukauke, kisha upakwe chokaa mpya, ambayo ukali wake wa alkali, pH ya 12 hivi ikiwa mbichi, huizuia koga kuota. Ukali huo hupungua kadiri chokaa inavyokomaa, na kwa hiyo desturi ya kupaka chokaa mara kwa mara ilikuwa na faida zaidi ya weupe. Milango ya nakshi nayo isiguswe na mashine hii bila kujaribiwa kwanza sehemu isiyoonekana, na mimi binafsi nisingeijaribu.

Lakini nililomsisitizia ami zaidi ni maji yanakotoka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani, lilihimiza kuzuia unyevu wenyewe, na nyumba yake inaonyesha kwa nini: bati linavuja pale linapokutana na ukuta, na ukuta huo ulipigwa lipu ya saruji upande wa nje, ambayo inayafungia ndani maji yaliyokwisha kuingia, kwa sababu chokaa hupumua na saruji haipumui. Boriti zinaingia katika ukuta huo huo, na vichwa vyake, ambavyo hakuna mashine inayovifikia, ndivyo vinavyooza mwanzo.

Kuisafirisha barafu kavu nako si jambo jepesi. Kimataifa huhesabiwa kuwa bidhaa ya hatari yenye nambari UN 1845. Sanduku lake lisizibwe kabisa, kwa kuwa hewa inayojikusanya inaweza kulipasua, wala lisiwekwe ndani ya boti penye abiria na hewa isiyopita. Tena hupungua kila saa njiani, na kompresa kubwa inayohitajika haipiti katika vichochoro vyetu vingi, ikabidi iachwe barabarani na mpira wake uvutwe hadi nyumbani.

Kwa hiyo nimemshauri aanze na bati, kisha aibandue lipu ya saruji na kupiga ya chokaa, na fundi wa boriti avigonge vichwa vyote kwa nyundo asikilize ni vipi vinalia uwazi. Boriti zilizooza zibadilishwe, kwa kuwa kuzisafisha ni kupoteza fedha. Zilizobaki zikishakaa kavu hadi kaskazi, ndipo tutakapotazama kama koga iliyosalia inahitaji mashine, au brashi na kifyonza vumbi chenye chujio la HEPA vinatosha.