Matozi ya Shombo

Tulimwita Shombo kwa sababu hakupita ndani bila kunuka samaki. Alijileta mwenyewe, kusi ya mwaka 2016, kipaka cha kujaa kiganjani, akalala kwenye daka la nyumba yetu ya Langoni, mjini Lamu. Macho yote mawili yalimchuruzika, na jua likimgusa tu anayafinya.

"Mato yameingia mtanga hayo," alisema bibi, akidhani ni mchanga tu, akamfuta matozi kwa pamba na maji ya uvuguvugu. Kesho yake yale yale. Mjomba akaona utando mweupe umechomoza pembe ya ndani ya jicho, akakata shauri: mtoto wa jicho. Kumbe paka ana ukope wa tatu, na jicho likimuuma hujitokeza kulifunika. Lakini nani wa kumbishia mjomba, mtu aliyekwishapasuliwa macho?

Nikachukua dawa ya matone ya mjomba iliyobaki, nikamtilia Shombo siku tatu. Hapo ndipo ninapoona haya mpaka leo. Siku ya nne jicho la kushoto lilikuwa limepiga ukungu, rangi ya maji ya mchele.

Nilimtia kapuni mbio mbio hadi kwa daktari anayetibu punda. Swali lake la kwanza lilikuwa nimemtilia nini. Nikampa kichupa. Akakisoma, akakitia mfukoni mwake, sikukiona tena. Kilikuwa na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, nayo ikikuta kidonda kwenye kioo cha jicho hukizuia kupona, na jicho laweza hata kutoboka. Akadondosha rangi ya chungwa, akamulika kwa tochi ya buluu, na kidonda kikang'aa, mstari wa kijani mwembamba kama unywele.

"Sogea. Ukope wa juu unaishia wapi?"

Ulianzia upande wa pua, ukaja vizuri, kisha kuelekea sikioni ukakatika. Haukuwepo! Ngozi ya uso ilishuka moja kwa moja mpaka jichoni, na manyoya yake yakilikwaruza kila alipopepesa. Jicho la pili vile vile.

"Kazaliwa hivi," alisema daktari. Na mimi niliyekuwa nikimtazama usoni kila siku!

Alinipa dawa ya kidonda, na mafuta ya kulainisha jicho ya kupaka mara nne kwa siku. Akaeleza kuwa wapo wapasuaji wanaokata kipande cha pembe ya mdomo wa paka wakakishona mahali pa ukope uliokosekana. Bibi aliposikia alicheka hadi akashika ubavu. "Sasa atakula kwa mato?"

Upasuaji huo hatukuufikia. Nauli ya Mombasa peke yake ilitushinda. Kidonda kilifunga, kikaacha kovu dogo la kijivu. Mafuta tuliendelea nayo. Shombo alijifunza mlio wa kifuniko cha tyubu, akiusikia hukimbilia darini, na bibi humngoja chini ya ngazi na leso mkononi.