Dedaktibo yangu ya Ohio na presha ya shangazi

Shangazi yangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, tangu mimi sijaanza shule. Mwaka 2024 nilipokwenda likizo Mwanza nilishinda naye sokoni siku nzima. Alikuja mteja wa jumla. Hakugusa dagaa wa juu. Aliingiza mkono hadi katikati ya gunia, akatoa konzi moja, akawasugua viganjani kusikiliza ukavu wao, akatafuna wawili kutafuta mchanga. Akataja bei, shangazi akakataa. Akaenda kwa jirani, akazunguka, na baada ya kama robo saa akarudi wakaelewana.

Nikamwambia, "Shangazi, kule ninakoishi wanataka nitafute matibabu namna hii hii."

Akanitazama. "Ukiwa mgonjwa?"

Niko Columbus, Ohio, nafanya kazi ghalani. Marekani, mwishoni mwa mwaka 2003, Rais George W. Bush alisaini sheria iliyoanzisha akaunti za akiba ya afya. Unachukua bima yenye dedaktibo kubwa, yaani fedha unazolipa mwenyewe kwanza kabla bima haijaanza kulipa. Kwa kubeba mzigo huo, makato ya mshahara yanakuwa madogo, na unaruhusiwa kuweka akiba isiyotozwa kodi kwa ajili ya matibabu. Isipotumika mwaka huu, inavuka kwenda mwakani. Wanaoutetea mpango huu wanasema mtu anayelipa kwa fedha yake atauliza bei, atakataa vipimo visivyo na maana, na hospitali zitashindana mpaka bei zishuke.

Sitawaonea. Chanjo na vipimo vya kinga bima yangu ililipa bila kugusa dedaktibo. Miwani nilizunguka maduka matatu, nikapata ya bei nafuu, nikailipia kwa akaunti ile. Miwani unaweza kuisubiri.

Kidole tumbo hakisubiri. Mwaka 2022 nilianza kuumwa tumbo upande wa kulia, chini. Dedaktibo yangu ilikuwa dola 3,000 na akaunti ilikuwa na dola 1,140. Kingine chote kilikuwa kimekwenda Mwanza, ada za wadogo zangu. Aliye ughaibuni anajua kwamba akiba yake ina wenyewe hata kabla haijaingia benki. Nikafanya kama nilivyofundishwa: nikatafuta bei. Tangu Januari 2021 hospitali za kule zinatakiwa kuweka bei zao hadharani. Nikafungua faili la hospitali moja kwenye simu, nimejikunja kitandani, goti kifuani. Mistari kwa maelfu, kila mmoja na namba yake ya kitabibu. Mstari wangu ni upi? Ningejuaje, wakati hata ugonjwa wenyewe sikuujua? Nikapiga simu kuuliza bei ya kipimo. Nikaambiwa inategemea daktari atakachoona.

Nikavumilia siku tatu. Mwenzangu wa kazini ndiye aliyenibeba kwenye gari lake. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka, na upasuaji ambao ungekuwa mdogo ukanilaza siku sita. Sheria yao ya mwaka 1986 inalazimisha idara ya dharura ikuchunguze na kuituliza hali yako hata kama huna senti, na kwa hilo nawashukuru. Ankara zilifuata wiki kadhaa baadaye, bahasha juu ya bahasha.

Shangazi alinisikiliza huku akifunga kiroba. Kisha akasema jambo ambalo kwa simu hakuwahi kunieleza. Ana presha, anatakiwa kumeza vidonge kila siku, lakini wakati wa mbalamwezi huacha. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, mitumbwi inalala, naye hana cha kuuza. "Siku hizo namuomba Mungu tu, baba."

Nilishindwa kujibu. Alikuwa akifanya kile kile nilichokifanya Ohio, kila mwezi, kwa miaka. Na wala si sisi wawili tu. Marekani walifanya jaribio kubwa, la taasisi ya utafiti ya RAND, kuanzia mwaka 1974 hadi 1982: familia nyingine zilitibiwa bure, nyingine zikachangia gharama. Waliochangia walipunguza matibabu kweli, ila walipunguza ya lazima sawasawa na yasiyo ya lazima. Na maskini wenye presha ndio walioonekana kufaidika zaidi na kutibiwa bure. Ukimpa shangazi akaunti ya akiba, mwezi mpevu utaikuta tupu.

Jioni nikamtajia CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya mfuko wa afya ya jamii: wakati huo ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu sita. Akacheka kwa uchungu. "Kadi nitapata, dirishani wataniambia dawa haipo, kanunue nje." Malalamiko hayo ni ya kweli, na sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 haitakuwa na maana kama rafu za dawa zitabaki tupu. Hata hivyo nilimbembeleza. Ukilipa msimu wa giza, dagaa wakiwa wengi, mbalamwezi ikija tayari umeshalipa, na yule asiyeumwa mwaka huu amekusaidia. Hicho ndicho ninachokitaka kutoka kwenye bima, kule na huku.

Kesho yake mwandikishaji wa mtaa alikuja na simu yake, akampiga picha shangazi akiwa amejifunga upya kanga ya kichwa. Majina matano aliyataja haraka. La sita alifikiri kidogo, akamuandikisha binti anayemsaidia kuanika dagaa.

Novemba ile, muda wa kuchagua bima kazini ulipofika, nilichukua yenye makato makubwa na dedaktibo ya dola 500. Wiki hiyo hiyo shangazi alinitumia picha: vidonge vya mwezi mzima mezani, aina mbili. Ya kwanza alipewa kwa kadi. Ya pili alinunua nje, shilingi 4,000.